Ulezi Uliojiotea

Daktari Coker hakuwahi kumwagiza mtu afanye jambo baya. Alikuwa anasema tu anachotaka kukiona, kisha anapanda gari lake anaondoka, na wewe unabaki na mzigo wako kichwani. Oleta Sykes alikuwa amemsoma hivyo kwa miaka kumi na moja. Kila mwaka msimu wa bata ulipokaribia, tumbo lake lilimchafuka kama mtu aliyekula samaki aliyelala.

Siku hiyo, zikiwa zimebaki wiki mbili msimu ufunguliwe, yeye na mumewe Verlon walikuwa ndani ya maji tangu asubuhi wakikivisha kibanda. Kibanda chenyewe ni kama sanduku refu la mbao juu ya nguzo, katikati ya bwawa, lenye benchi la watu wanane na uwazi wa kutolea bunduki. Kikiachwa uchi bata hawasogei. Lazima kivishwe matawi ya mwaloni yenye majani makavu, na matete, mpaka kifanane na kichaka cha kawaida. Verlon alikuwa anakaza waya, Oleta anampa matawi. Suruali zao za mpira ziliwafika kifuani, na ya Oleta ilikuwa imetoboka kifundoni, kwa hiyo mguu mmoja ulishakufa ganzi.

Upande wa nyuma, unakopiga upepo wa kaskazini, Oleta alikuwa ametundika pazia aliloshona mwenyewe kwa magunia matupu ya mbegu. Mwanamke yule hakutupa kitu. Hata nyuzi za magunia alizifumua akazikunja, akashonea zizo hizo.

"Verlon!"

Daktari Coker alikuwa amesimama juu ya tuta, buti zake zinang'aa. Alikuwa daktari wa meno mjini, na bwawa, kibanda, mashamba ya mpunga ya pembeni, na nyumba waliyolala akina Sykes, vyote vilikuwa vya klabu yake. Verlon alikuwa amemzidi umri kwa miaka kumi na sita, lakini jina lake liliitwa vile vile, kavu, kama la mbwa.

"Mbona sioni maji?"

"Maji yapo, Daktari. Inchi nane. Yamefunikwa na ulezi."

"Sasa kama mimi siyaoni, bata atayaonaje?"

"Bata anautafuta ulezi, Daktari. Ndicho chakula chake. Upepo ukishaulaza kidogo, utaona."

"Mwaka jana hapa palikuwa peupe. Tulipiga bata mpaka mabega yakauma."

Verlon alishusha koleo. "Mwaka jana ulezi ulijiotea wenyewe, kwa punje zilizodondoka mwaka wa nyuma yake. Wa kujiotea, ruhusa kuufyeka. Huu nimeupanda mwezi wa saba kwa mkono wangu. Uliopandwa ukifyekwa, punje zikamwagika majini, hicho ni chambo. Ni kesi, Daktari. Na kila atakayepiga bata juu yake anaandikwa kosa."

Ndivyo sheria ilivyokuwa, na kila aliyekulia kwenye mabwawa yale aliijua kabla hajajua kuhesabu. Mmea ni ule ule, punje ni zile zile, na hata umlete profesa na miwani yake hawezi kukuambia ni upi uliodondoka wenyewe na upi uliomwagwa na mtu. Anayejua ni aliyemwaga.

Daktari Coker alicheka. "Ulezi ni ulezi, bwana! Bata anauliza nani kapanda?" Akatazama saa yake. "Jumamosi ya kufungua nakuja na watu wazito. Kuna jaji mmoja, na yule bwana wa benki. Nikifika, nataka nione maji." Akageuka kuondoka, halafu akarudisha uso upande wa nyumba yao, pale mtu alipoweza kuiona ng'ambo ya mfereji. "Mama yako hajambo? Ile mashine yake ya hewa bado inakula umeme?"

"Hajambo, Daktari. Bado inakula."

"Mungu amtunze," alisema Daktari Coker, na gari likaondoka.

Oleta alitema mate majini. "Umemsikia? Anamuulizia mama yako kama anayeuliza bei."

Verlon aliokota koleo akaendelea kukaza waya mahali palipokuwa pameshakazwa.

*

Chakula cha jioni kilikuwa maharage na mkate wa mahindi. Bi. Dovie, mama yake Verlon, mwenye miaka themanini na sita, alikula kitandani. Kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni ili mrija wa mashine ya hewa ufike kwenye soketi. Mapafu yalikuwa yamechoka, lakini masikio mazima, na ugoro alikuwa hajauacha.

"Amekwambia ufyeke?" Oleta aliuliza.

"Amesema anataka kuona maji."

"Sikuuliza anataka kuona nini. Neno 'fyeka' limemtoka mdomoni?"

"Oleta, mimi si mtoto. Lugha ya bosi naielewa."

"Basi mwambie aandike kwenye karatasi."

"Aandike!" Verlon alicheka kicheko kisicho na raha. "Nimwambie Daktari aandike. Halafu kesho yake tukalale wapi? Kwa dada yako Wynette, kwenye ile nyumba ya magurudumu? Watu saba wameshajazana humo."

"Baba yako," Bi. Dovie alidakia kutoka sebuleni, "alifukuzwa mashamba matatu kwa ajili ya mdomo wake. Na mara zote tatu tulikula."

"Tulikula nini, mama?"

"Kobe. Kobe wa mferejini. Na walikuwa watamu, msinitolee macho."

"Kobe haendeshi mashine yako ya hewa, mama."

Mashine ilipumua, ikapumua tena. Oleta alitamani mumewe asingelisema lile, lakini halikuwa uongo. Daktari wa hospitali alishawaambia kwamba mashine ikizimika kwa muda wa saa mbili, wasisumbuke kuita gari la wagonjwa. Nyumba ya klabu, umeme wa klabu. Mkono usioweza kuukata ubusu, ndivyo wanavyosema, ila wanaosema hawakuambii ule mkono unanuka nini.

"Leseni yako je?" Oleta aliuliza kwa sauti ya chini. "Wakikukamata hutaongoza wawindaji tena. Na jina lako? Watu wa hapa wote wanajua Verlon Sykes hana mchezo na sheria za bata."

"Jina," alisema Verlon, akajifuta mdomo.

Alhamisi kabla ya msimu, Oleta akiwa anaosha vyombo, alisikia trekta dogo likilia bwawani. Hakutoka nje kuangalia. Alisikia kisu cha nyuma kikikata, maji yakirushwa, trekta likienda na kurudi, na yeye akaisugua sufuria moja ile ile mpaka trekta likazimwa. Verlon alirudi akakaa kwenye ngazi akijikung'uta. Punje zilikuwa zimemganda kila mahali, kwenye nyusi, kwenye sikio, ndani ya kola. Oleta alizifua zile nguo peke yake, kwenye maji yake peke yake, na alipoyamwaga akaona punje zimebaki chini ya karai kama chawa. Alihisi kinyaa hata kuzigusa kwa kidole.

*

Jumamosi wageni walikuwa sita. Waliingia jikoni kwa klabu na buti zao, wakala mikate ya moto na mchuzi wa soseji bila kusema asante, wakaenda kibandani giza halijatoka. Kulipopambazuka, bunduki zikaanza, na hazikunyamaza. Bata vichwa-kijani walikuwa wanamiminika kwenye ile mikato mieupe ya maji wakiwa wamekunja mabawa na miguu imetangulia, kama watoto wanaokimbilia pilau. Masikini, hawakuwa hata na muda wa kushangaa.

Saa mbili asubuhi Oleta alipeleka kahawa kwa mtumbwi. Bata walikuwa wamerundikwa pembeni ya kibanda, damu ikitiririka kwenye mbao. Bwana wa benki alikuwa anatafuna tumbaku. Akachukua kikombe alichopewa, akanywa nusu, akatema mate meusi humo humo ndani, akamrudishia.

"Ongeza kingine, mama," alisema.

Alipokuwa anakimwaga kile kikombe ndipo waliposikia injini ya mashua ikizimwa nyuma ya matete. Hollis Renfro, askari wa wanyamapori, akajitokeza akiisukuma mashua kwa mti. Kijana wa pale pale. Alikuwa na miaka tisa Verlon alipomfundisha kupuliza filimbi ya kuita bata, na mpaka leo alikuwa anamwamkia kwa kuvua kofia.

Alivua kofia. "Mzee Verlon. Mama Oleta. Mabwana, habari za asubuhi."

Alikagua leseni, akahesabu bata, vyote sawa. Halafu akazamisha mkono majini mpaka kiwiko, akautoa na kufungua kiganja. Ulezi, punje tupu, na vipande vya mabua vilivyokatwa kwa kisu.

"Huu umefyekwa juzi," alisema. "Mwenye shamba ni nani?"

"Mimi," alisema Daktari Coker. "Lakini kijana, mambo ya majani sijui. Mimi nang'oa meno. Muulize Verlon."

Wageni walicheka. Renfro hakucheka.

Hapo ndipo Oleta alipokiona. Kwenye mshono wa pazia lake, inchi moja kutoka kwenye sikio la Daktari Coker, kilikuwa kinapeperuka kikaratasi cha njano, kile kinachoshonewa mdomoni mwa gunia la mbegu. Jina la mbegu: ulezi. Uzito. Mwezi zilipopimwa: wa tano, mwaka huu. Alikiacha pale mwenyewe, kwa sababu kukitoa kungefumua mshono, na mshono mzuri ulimuuma kuufumua. Hulka yake hiyo ya kutotupa kitu! Angemlaumu nani?

Renfro alikuwa bado anamtazama Verlon. Oleta akapanda kibandani na birika lake, akajipenyeza katikati ya magoti ya watu akisema samahani, samahani, akasimama mbele ya pazia. Kwa mkono wa nyuma akakishika kikaratasi akakivuta. Mshono ukafumuka wote, trrr, upepo wa kaskazini ukampiga jaji shingoni.

"Mama wee, pazia!" jaji alifoka.

"Samahani, bwana mkubwa. Nitalishona." Akakitia kikaratasi mfukoni mwa aproni. Aliona aibu hata mbele ya bata waliokufa.

"Mzee Verlon," alisema Renfro. "Wewe ndiye uliyenifundisha haya mambo. Nakuuliza mara moja tu. Huu umepandwa, au umejiotea?"

Verlon alimtazama Daktari Coker. Daktari Coker alikuwa anatazama angani, kama mtu anayengoja bata. Kisha Verlon akatazama ng'ambo ya mfereji, kwenye nyumba, na Oleta alijua alikuwa anatazama waya wa umeme unaoingia ukutani.

"Umejiotea," alisema.

Renfro alisimama na punje zake mkononi muda mrefu mno.

"Sawa," alisema mwishowe. "Neno lako linanitosha, mzee." Akakigeuza kiganja, punje zikarudi majini. Akavaa kofia. Hakuwatazama tena alipokuwa anaisukuma mashua.

Hata injini haijasikika mbali, bwana wa benki akapiga goti lake. "Lo! Huyu mzee ana uso wa kuchezea karata! Mimi mwenyewe nimemwamini!" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Daktari Coker akampiga Verlon mgongoni, mara mbili, kwa nguvu, kama anavyopigwa farasi. Verlon alitabasamu. Oleta aliliona lile tabasamu, kinyaa kikamshika. Hakujua kama kinyaa kile kilikuwa cha wale wanaume, au cha mumewe, au cha kile kikaratasi kilichokuwa kinamchoma mfukoni.

*

Saa tisa alasiri Daktari Coker alikuja nyumbani. Hakufuta buti. Aliacha gunia la bata barazani, akaingia, akakanyaga mrija wa Bi. Dovie, akauruka. Hakukaa.

"Verlon, asubuhi umenisaidia. Siwezi kukataa."

"Si neno, Daktari."

"Lakini nimekaa nikawaza. Jaji naye ameniambia jambo njiani, na jaji ameona watu wengi." Alishusha pumzi, sura ya huzuni kabisa, ile anayoivaa anapokuambia jino haliokoki. "Yule askari umemlea wewe. Na umemtazama machoni ukamdanganya, hata kope haikucheza. Sasa mimi, ambaye hata hukunilea, utakuwa umenidanganya mara ngapi? Mashine za klabu, mafuta ya klabu. Nikaona mwili unanisisimka."

Verlon alimkazia macho. "Ulisema unataka kuona maji."

"Ndiyo. Maji. Nilitaja kufyeka? Bi. Oleta, ulikuwepo. Nilitaja?"

Oleta alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Hukutaja," alisema. Lilikuwa neno la kweli la kwanza kutoka katika nyumba ile siku hiyo, na lilimfaa Daktari.

"Basi. Mimi si mnyama, siwafukuzi leo. Kaeni mpaka msimu uishe, mwisho wa Januari. Wageni wanapenda mikate yako, Bi. Oleta, wamesema. Halafu mpwa wake jaji atachukua nafasi. Kijana mwaminifu." Alifika mlangoni akageuka. "Wale bata nitoleeni vifua tu. Vilivyobaki tupeni mferejini."

Walisikiliza gari mpaka likapanda barabara kubwa.

"Fadhila ya punda," alisema Bi. Dovie, hakumaliza. Akachukua kopo lake akatema ugoro.

Verlon alikuwa amekaa mezani, mikono imelala mbele yake kama si yake. Juu ya sakafu aliyoipiga deki Oleta asubuhi, nyayo za tope zilienda zikarudi, na katika kila tope punje za ulezi zilikuwa zimeganda. Oleta alizitazama. Kichefuchefu cha miaka kumi na moja kilimpanda mpaka kooni, na mara hii hakukimeza.

"Tumejipaka mavi," alisema, "kwa ajili ya mtu ambaye anaziba pua akituona."

Alitia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kile kikaratasi cha njano, akakinyoosha kwa kiganja juu ya meza, mbele ya mumewe. Uzi wa mshono ulikuwa bado unaning'inia. Verlon alikisoma taratibu, kama barua.

"Hiki kilikuwa wapi?"

"Nyuma ya kichwa cha Daktari. Saa ile ile uliposema umejiotea."

"Na wewe ukakificha."

"Nikakificha. Sijajitenga, Verlon. Nipo humo humo."

Mashine ya hewa ilipumua.

"Wataniandika na mimi," alisema Verlon. "Leseni itakwenda. Na Daktari hatangoja Januari. Tutatoka wiki hii hii."

"Najua."

"Na mama?"

"Mama anasikia," alisema Bi. Dovie. "Mama hajafa. Wynette ana soketi kwake, hana?"

Verlon alicheka kidogo, na safari hii ilikuwa kicheko cha kweli, ingawa macho yalikuwa yamelowa. Alimwomba Oleta simu. Oleta akabonyeza namba, akampa. Iliita mara tatu.

"Hollis? Ni Verlon. Hapana, mama hajambo. Sikiliza, mwanangu. Lile neno nililokupa asubuhi, nirudishie." Alikuwa amekishika kikaratasi kwa ncha za vidole. "Umepandwa. Nimeupanda mwenyewe mwezi wa saba, nimeufyeka mwenyewe Alhamisi. Karatasi ya mbegu ninayo hapa mezani. Ndiyo. Wote walikuwa wanajua, Daktari na wageni wote sita walicheka. Waandike. Na mimi niandike, tena wa kwanza, usiniruke."

Alisikiliza kidogo, akasema, "Haya, tunakungoja," akairudisha simu.

Oleta alitoka barazani, akalivuta lile gunia la bata mpaka chini ya ngazi na kuliacha hapo hapo, limefungwa, lije lichukuliwe na wenye sheria. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Aliporudi ndani, Bi. Dovie alikuwa ameshaanza kukunja shuka lake mwenyewe kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Oleta," aliita. "Huko kwa dada yako kuna mfereji?"

"Upo, mama. Nyuma ya nyumba."

"Una kobe?"

"Wamejaa," alisema Oleta, akashika upande wa pili wa shuka.